Kila Habari Ina Mahali Pake: Kufundisha Matukio na Ramani kwa Pamoja

Mwulize mwanafunzi wa darasa la sita Tanzania imepakana na nchi gani, naye atazitaja zote nane kwa pumzi moja. Kisha mwulize hivi: lori lililopakia mzigo bandarini Dar es Salaam kwenda Lubumbashi litavukia mpaka gani? Wengi watasema litaingia Kongo moja kwa moja, kwa kuwa Kongo ni jirani. Lakini mpaka wetu wote na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo umo ndani ya Ziwa Tanganyika. Lori hilo linakwenda Tunduma, linaikatiza Zambia, ndipo linaingia Kongo kwenye mpaka wa Kasumbalesa. Mtoto amekariri jina la jirani bila kujua njia ya kumfikia.

Mtoto huyohuyo anasikia taarifa ya habari kila jioni, redioni au kwenye runinga ya jirani. Anasikia Goma, Gaza, Tunduma, Bahari ya Shamu. Majina yanampita tu, kwa sababu kichwani mwake hayana pa kukaa. Shuleni tumevitenga vitu hivi viwili. Ramani tumeiweka kwenye kipindi cha Jiografia na Mazingira, habari tumeziacha mstarini, ambako kiranja husoma vichwa vya habari vitatu wenzake wakisubiri kuingia darasani. Mimi naamini vitu hivi vinafundishika vizuri vikienda pamoja, na gharama yake ni ndogo: kamba, majivu, redio, atlasi moja na mwalimu aliyejiandaa.

Anza na pande za dunia, na anzia nje. Waambie watoto waonyeshe kaskazini ilipo. Wengi watanyoosha kidole darini, maana ubaoni kaskazini iko juu. Kosa hilo lisiporekebishwa mapema, kila ramani watakayoiona baadaye itabaki kuwa mchoro tu. Simika kijiti kilichonyooka, cha mita moja hivi, mahali tambarare. Saa sita kasorobo weka jiwe kwenye ncha ya kivuli chake. Saa saba kamili weka jiwe la pili kwenye ncha mpya. Mstari unaotoka jiwe la kwanza kwenda la pili unaelekea mashariki. Simama jiwe la kwanza likiwa kushoto kwako na la pili kulia: unatazama kaskazini.

Usiwafundishe kwamba kivuli cha mchana huelekea kaskazini, kama vitabu vilivyoandikwa Ulaya vinavyosema. Kwetu Juni jua la mchana liko upande wa kaskazini na kivuli huanguka kusini. Desemba mambo hugeuka. Mapema Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, mtoto wa Dar es Salaam ataona kivuli cha mchana kikikaribia kupotea kabisa chini ya kijiti. Hizo ni siku za kuziandika kwenye andalio la somo tangu Januari.

Kijiti hichohicho kinafundisha longitudo. Wape watoto kazi ya kutafuta dakika ambayo kivuli ni kifupi kuliko wakati wote wa siku. Dar es Salaam dakika hiyo huangukia kati ya saa 6:05 na 6:40 mchana, kutegemea mwezi. Kigoma huchelewa dakika kama 40 zaidi. Kama una mwalimu unayemfahamu huko, panga naye mpime siku moja na mpigiane simu mbele ya watoto. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni karibu nyuzi 10 za longitudo, na kila nyuzi moja jua huchukua dakika nne. Watoto wakishaona saa zao na za Kigoma zinasoma sawasawa huku jua halikubaliani nazo, hesabu hiyo wataifanya wenyewe.

Shule za pwani zina msaada mwingine ambao sijaona ukitumika ipasavyo. Ukiwa Dar es Salaam au Unguja, Makka iko karibu kaskazini kamili. Mihrabu ya msikiti wa mtaani ni dira ambayo watoto wanaiona kila siku. Kigoma kibla inainama kuelekea mashariki kwa nyuzi kama 20. Ukiwauliza kwa nini miji miwili ya nchi moja isielekee upande uleule, watakimbilia ramani bila kuambiwa.

Sasa ichore nchi uwanjani. Tanzania iko kati ya nyuzi 1 na 12 za latitudo kusini, na kati ya nyuzi 29 na 41 za longitudo mashariki. Chukua kamba ya katani uifunge fundo kila baada ya sentimita 111. Kila fundo ni nyuzi moja, na kwa kuwa nyuzi moja katika latitudo zetu ni kama kilomita 111, mita moja ya uwanja inakuwa kilomita 100 za nchi. Utapata miraba 12 kwa upana na 11 kwa urefu, eneo la mita kama 13 kwa 12. Chora mistari kwa majivu au chokaa. Upande wa juu wa ramani uelekee kaskazini ile mliyoipata kwa kijiti, si pale unapoona panafaa. Hivyo mtoto akisimama Mwanza na kuitazama Mtwara, anatazama kweli upande ilipo Mtwara.

Ligawe darasa makundi 11, kila kundi na safu yake moja ya miraba. Usiku uliotangulia nakili ramani ya atlasi kwenye manila, ukiwa umeipigia miraba hiyohiyo, kisha uikate vipande 11. Kila kundi linachora kile tu kilichomo katika safu yake: mpaka unaingilia wapi, ziwa linaishia wapi, mto unatokea wapi. Darasa la watoto 80 si tatizo hapa. Kila kundi lina watu saba au wanane na kila mmoja ana cha kufanya. Uzuri wa zoezi unakuja mistari inapokosa kukutana. Kundi la safu ya tano limeishia ufuko wa Ziwa Tanganyika hapa, la safu ya sita limeanzia pale. Usiwasuluhishe haraka. Waache wabishane wakiwa wameshika vipande vyao vya manila, kwa sababu katika ubishi huo ndimo wanamojifunza kusoma ramani. Miji iwekeeni vizibo vya soda, milima matofali.

Halafu tembeeni. Hatua moja ndefu ni mita moja, yaani kilomita 100. Dar es Salaam hadi Dodoma ni hatua nne. Barabara ni kama kilomita 450. Dar es Salaam hadi Mtwara nako ni hatua nne, lakini barabara ni kama kilomita 560. Tofauti hiyo ni swali zuri, na jibu liko chini ya miguu yao: barabara ya kusini haiwezi kukata delta ya Rufiji, inabidi iingie ndani kulifuata daraja la Mkapa. Kwa zoezi hilo watoto wameshaelewa skeli, na wameshaelewa pia kwamba umbali wa mstari na umbali wa safari ni vitu viwili.

Ramani ikiwa tayari, lete habari. Moja kwa wiki inatosha. Mwalimu anayetaka kugusa habari tano kwa wiki ataishia kuzisoma tu, na kusoma ni kazi ambayo redio inaifanya vizuri zaidi. Chagua habari yenye mahali panapojulikana na yenye kitu kinachosafiri: watu, maji, upepo, mzigo, ugonjwa, bei. Hotuba na uzinduzi ziache. Hata zikiwa muhimu kwa wakubwa, kwenye ramani hazina pa kwenda. Maswali yangu huwa manne, na huwa yaleyale kila wiki mpaka watoto wayaulize wao: Ni wapi? Ni umbali gani kutoka hapa, upande upi? Kwa nini pale na si kwingine? Nani mwingine litamfikia?

Chukua kimbunga Hidaya cha Mei 2024. Kilitoka Bahari ya Hindi kikaifikia Mafia tarehe 4. Katika siku hizo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa ikitangaza mahali kilipo kwa kutaja umbali na upande kutoka pwani, na matangazo ya namna hiyo ni zoezi la ramani lililokamilika. Kila tangazo ni jiwe moja baharini. Mawe yakiunganishwa, njia ya kimbunga inaonekana. Mvua zake zikaikata barabara ya kusini eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Hapo swali la nne linapata uzito. Mwombe mtoto aliyesimama Dar es Salaam apeleke lori la unga Mtwara bila kupita Somanga. Atahangaika, kisha atagundua inabidi aende Morogoro, Iringa, Njombe, Songea, Tunduru na Masasi. Lazeni kamba kwenye njia hiyo muipime: ni karibu mara tatu ya ile ya pwani. Waulize basi sokoni Mtwara kitu gani kingeanza kupanda bei, na nani angefaidika. Usiwape jibu kabla hawajabishana.

Swali la tatu, kwa nini pale, lina utajiri wake. Vimbunga vikubwa vinahitaji nguvu inayotokana na mzunguko wa dunia, na nguvu hiyo ni hafifu karibu na ikweta. Ndiyo maana Msumbiji na Madagaska hupigwa mara kwa mara, na sisi mara chache. Mwaka 2023 kimbunga Freddy kilianzia karibu na Australia mwezi Februari, kikaivuka Bahari ya Hindi yote, kikaipiga Madagaska na Msumbiji, kikarudi baharini, kikaja tena, na Machi kikaleta maafa makubwa Malawi. Ramani ya uwanjani haitoshi kwa safari hiyo. Tumia ramani ya dunia au mpira mkuukuu uliouchorea ikweta na mabara kwa wino. Lakini nadra si kamwe. Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, huku Pemba ikinusurika kwa kiasi kikubwa. Ni moja ya sababu za karafuu kuwa zao la Pemba zaidi baadaye. Kati ya visiwa hivyo viwili ni kama kilomita 50, yaani nusu hatua ya mtoto uwanjani. Nusu hatua hiyo imeamua uchumi wa visiwa viwili.

Habari nyingine inayofaa sana ni bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Urefu wake ni kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Hoima iko nje ya ramani yenu, kaskazini magharibi, nyuzi moja na nusu hivi juu ya ikweta. Ongezeni kamba mpaka muipate. Nyoosheni kamba kutoka huko hadi Tanga. Itapita katikati ya Ziwa Victoria na kuelekea upande wa Serengeti, na urefu wake utakuwa mita 11 na kidogo. Kisha soma majina ya mikoa linakopita bomba lenyewe: Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Manyara, Tanga. Mtoto mmoja asimame katika kila mkoa, kamba ipite mikononi mwao. Kamba imeongezeka mita tatu. Hapo una somo zima mkononi: ziwa, hifadhi, ardhi ya wakulima, gharama. Kwa watoto wa madarasa ya juu ongeza kwamba mradi huu umepingwa na umetetewa, na kila upande utaje hoja zake. Wasikie hoja za pande zote mbili kabla hujawauliza maoni yao.

Habari za vita zinataka uangalifu. Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Goma, mji ulio kaskazini mwa Ziwa Kivu, mpakani kabisa na Rwanda. Shule za Kigoma zina watoto wenye ndugu Kongo na Burundi. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilianza kupokea wakimbizi kutoka Kongo mwaka 1996. Kwa hiyo kabla ya kuleta habari kama hiyo, jua nani amekaa mbele yako. Picha za maiti na majeruhi zisiingie darasani hata kama mtoto amezileta kwenye simu ya kaka yake. Usiligawe darasa pande mbili kama timu. Uliza maswali ya njia na mahitaji: mtu anayekimbia kutoka Goma anaweza kwenda wapi, atavuka maji gani, atahitaji nini njiani. Mtoto mwenye hofu hupungukiwa na hofu akiona kwa macho umbali uliopo kati ya nyumbani kwao na vita. Na yule ambaye vita viko karibu naye anahitaji kuona kwamba wenzake wanaelewa alikotoka. Akianza kulia, kipindi kimekwisha kwa siku hiyo. Kaa naye.

Ramani inasaidia pia kuukamata uvumi, na katika miaka hii ya WhatsApp sioni stadi ambayo mtoto anaihitaji kuliko hiyo. Inakuja picha ya mafuriko, maneno chini yanasema ni Dar es Salaam. Wafundishe waangalie magari yanatembea upande gani wa barabara. Tanzania, Kenya, Uganda, Zambia, Malawi na Msumbiji huendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo kulia. Wapake rangi mbili kwenye ramani ya majirani zetu, kisha waitazame picha tena. Waangalie namba za magari, mabango, miti, milima iliyo nyuma. Picha yenye mlima mrefu haiwezi kuwa ya Jangwani, Dar es Salaam. Kisha ndipo waulize nani aliyesema, lini, na amejuaje.

Wakishazoea, waonyeshe kwamba hata ramani ina msemaji wake. Weka pamoja ramani ya Tanzania na iliyochapishwa kwa kufuata msimamo wa Malawi, waangalie Ziwa Nyasa. Moja inapitisha mpaka katikati ya maji, nyingine inaupitisha ufukoni kwetu. Malawi inategemea mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890. Tanzania inasema mpaka uko katikati ya ziwa. Hili ni somo la darasa la saba na sekondari, na si la kuwachochea watoto; ni la kuwaonyesha kwamba mstari kwenye karatasi huchorwa na watu wenye sababu. Vivyo hivyo ramani ya dunia ya Mercator inayoning'inia katika ofisi nyingi. Humo Greenland inaonekana karibu sawa na Afrika, wakati Afrika ina kilomita za mraba kama milioni 30 na Greenland milioni 2.2, yaani Afrika ni kubwa mara 14 hivi. Mwaka 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono wito wa kuiacha ramani hiyo. Kama shule yako inataka kuchora dunia ukutani, tafadhali isichore ya Mercator.

Kuhusu upimaji nitasema machache. Acha maswali ya kuchagua jibu. Mtoto anaweza kubahatisha kaskazini. Mpe habari ya aya moja asiyoisikia kabla, mpe ramani tupu, mwambie aweke mahali pa tukio, njia na watu litakaowafikia, kisha aandike sentensi tatu za sababu. Ramani iwe na kichwa, fremu, ufunguo, skeli na dira, lakini usimnyime alama zote kwa kukosa fremu kama sababu zake ni nzuri. Tunaadhibu sana usafi wa mchoro na kusahau fikra.

Wazazi nao wana sehemu yao. Taarifa ya habari ikiisha, mzazi amwulize mtoto swali moja tu: hapo ni wapi, na mtu atafikaje? Asipojua, watafute pamoja. Simu ina ramani, na bando kidogo linatosha, ila mtoto akadirie kwanza umbali na upande kabla simu haijajibu.

AFCON ya 2027 imepangwa kuchezwa Kenya, Uganda na Tanzania, na timu zitakuwa 24. Hakuna habari ya kufundishia ramani ya Afrika itakayowavutia watoto wetu zaidi ya hiyo. Mwalimu, usisubiri mechi zianze. Gawa nchi za Afrika kwa wanafunzi wako muhula huu, kila mtoto na yake. Aijue latitudo ya mji mkuu wake, majirani zake, njia ya kutoka huko hadi Dar es Salaam, na habari moja kubwa ya mwaka. Timu zitakapopatikana, waliokabidhiwa nchi hizo wasimame mstarini wawaeleze wenzao wageni wetu wanatoka wapi.